Mama mdogo alisomewa mistari minne

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari mkoani Tanga, mwanamke wa miaka arobaini na kitu. Sijaolewa na sina mtoto. Nalitanguliza hilo kwa sababu utaona mbele kwamba linahusika.

Mama mdogo wangu alifariki mwaka juzi. Ndiye aliyenilea. Mama alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam, sisi watoto watatu tukabaki Muheza kwa mdogo wake, ambaye naye hakuolewa wala hakuzaa. Alikuwa akiuza machungwa stendi. Hakuwa wa kukimbilia mabasi, alikuwa na meza yake. Alimenya kwa kisu kifupi kilicholika kwa kunolewa, ganda likishuka utepe mmoja bila kukatika, na huku anamrudishia mwingine chenji bila hata kuitazama. Kwa machungwa hayo tulikula, tukavaa, tukasoma.

Siku ya mazishi alisimama binamu yetu kusoma historia ya marehemu. Naikumbuka neno kwa neno, maana haikuwa ndefu. Marehemu alizaliwa Muheza mwaka 1952. Alisoma hadi darasa la nne. Hakubahatika kuolewa wala kupata mtoto. Alisumbuliwa na sukari na presha kwa muda mrefu hadi mauti yalipomkuta. Basi. Waliosimama nyuma hawakujua hata kama historia imeshasomwa.

Mwaka jana akafariki mjomba, kaka yao. Mjomba alikuwa mtu mkubwa serikalini. Historia yake ilichapwa kijitabu chenye picha za rangi: shule, kozi za nje, vyeo na miaka yake, mjane, watoto, wajukuu. Sasa kwenye grupu la WhatsApp la ukoo tunachangishana kulijengea kaburi lake kwa marumaru, na Desemba, watu wakirudi nyumbani kwa Krismasi, kutakuwa na ibada ya kumbukumbu na kubariki kaburi. Kaburi la mama mdogo liko hatua chache tu kutoka hapo. Lina msalaba wa mbao, rangi imebabuka, mwaka wa kuzaliwa hausomeki tena. Niliuliza kwenye grupu kama tungeyajengea yote mawili kwa pamoja. Mmoja akaandika "wazo zuri", wawili wakaweka dole gumba, michango ikaendelea kwa jina la mjomba peke yake.

Kuna jambo la zamani. Mama mdogo na mjomba walisoma darasa moja. Enzi hizo darasa la nne lilikuwa na mtihani wa mchujo wa kuendelea na masomo. Wote wawili walifaulu. Babu alikuwa kibarua wa mkonge, ada aliyokuwa nayo ilikuwa ya mtoto mmoja. Akaenda mjomba. Mama mdogo alitutajia hili mara mojamoja, akicheka: "Mjomba wenu nilimshinda hesabu." Hakuwahi kuongeza neno. Mjomba sikumsikia akilitaja kabisa, hata siku alizokuja na gari la serikali na mama mdogo akamkaangia samaki.

Nimeiandika historia yake upya. Imefika kurasa sita. Nimeeleza alivyotulea, alivyomuuguza bibi hadi siku ya mwisho, alivyowalipia ada hata watoto wa majirani, alivyokuwa wa kwanza kufika msibani na wa mwisho kuondoka. Nimeandika pia habari ya mtihani na ada. (Mambo ya kipuuzi nimeyaacha, kama vile alivyokuwa akifunga meza siku Coastal Union wakicheza, akaenda kukaa na redio pamoja na mafundi wa gereji.) Nataka kuisoma Desemba, mbele ya ukoo mzima.

Mama, ambaye bado yu hai, ameisoma akanirudishia bila kunitazama. Akasema, "Marehemu hasemwi, mwanangu. Utamfukua kaka yangu kwa faida gani?" Mdogo wangu wa kiume anasema nisome, tena kwa kipaza sauti. Mkazamjomba ni mjane mwenye majonzi, hajanikosea lolote.

Halafu usiku kuna jambo jingine, ambalo sijamwambia mtu. Mimi nikifa, ataandika nani? Nitasomewa mistari mingapi? Miaka yote nawaambia wanafunzi kwamba fasihi inamkweza binadamu. Niliposikia ile mistari minne nilijiona naongopa. Ilikuwa kama mtu asiye na cheo wala uzao hakuwahi kuwepo.

Nisome au ninyamaze?

Mwalimu, Tanga

*

Marahaba, Mwalimu. Na pole kwa misiba yote miwili. Nasema miwili kwa kuwa barua yako inamlilia mmoja, ingawa mjomba naye alikuwa wako.

Umeniuliza kuhusu Desemba, lakini naona ndani ya swali hilo mna mtoto wa kike aliyefaulu akabaki nyumbani miaka ya sitini, na mna wewe, macho makavu, saa nane za usiku. Hayo matatu yanasukumana. Ukisimama mbele ya kaburi, hutajua ni lipi kati yao limeshika karatasi. Nakuomba tuyatenganishe kwanza, hata kama baadaye utayaunganisha tena.

Tuanze na binamu yako. Namwona alfajiri ya siku ya mazishi, wenzake wanahangaika na jeneza na turubai na mchele, yeye kaambiwa aandike historia. Anamwuliza wa karibu: alizaliwa lini, alisoma wapi, kazi gani, ameacha nani? Ndiyo maswali tunayouliza wote. Kwa mjomba kila swali lilipata jibu lenye mwaka wake. Kwa mama mdogo majibu yalikuwa "hakuna" na "hakuna". Miaka yote ya machungwa haikuhesabika kuwa kazi, kwa vile hakuna aliyemwandikia barua ya kuajiriwa. Sidhani kijana huyo alimdharau. Maswali ndiyo yaliyomdharau, na maswali hayo tumeyarithi, mimi na wewe tukiwemo.

Hapo sasa nikuulize jambo litakalouma kidogo. Zile kurasa sita ulizozieleza, alilea, aliuguza, alilipa, aliwahi. Kila tendo lina mtu mwingine upande wa pili anayepokea. Ukoo ulimpima mjomba kwa vyeo, nawe umempima mama mdogo kwa huduma. Mizani ni ileile, umebadilisha tu kilichowekwa juu yake. Je, kama asingemlea mtu? Kama angekuwa ameugua tangu usichana, amelala chumba cha uani, ninyi ndio mnaomlisha na kumgeuza? Ungeandika nini? Na ule mtihani: nasoma barua yako na kuona uzito wote wa dhuluma umewekwa juu ya neno "alifaulu". Angefeli, ingekuwa haki abaki?

Sikuulizi ili nikuvunje moyo. Jambo hili lina historia ndefu, na wewe unaijua kuliko mimi, maana wasifu wa mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad uliandikwa na mtu wa Tanga, Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, akiitwa Mtumwa, mtoto wa maskini, akizungusha vyungu alivyofinyanga mama yake. Sauti ndiyo iliyomfikisha mjini, na mwaka 1928 ikamfikisha Bombay kurekodi santuri. Wapinzani wake wakamwimba kwa kejeli: huyu amekuwa mtu lini, si alikuja mjini na kaniki, bila sauti angekula nini? Naye akawajibu kwa wimbo kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Jibu kali, na watu wanalikariri hadi leo. Lakini lisome ukiwa umeketi pale stendi ya Muheza. Hata Siti, aliyeijua dharau kuliko wengi, alipobanwa alitafuta kitu cha kuonyesha. Aliweka pembeni sura na jadi, akaleta akili. Na asiye na sauti wala akili ya kusifika, atajibu nini akiulizwa amekuwa mtu lini? Sina jibu la haraka. Nadhani swali lenyewe halikustahili kujibiwa, ila mtu aliyetukanwa hana anasa ya kukaa kimya.

Katika barua yako yote kuna sehemu moja tu ambapo mama mdogo hamtumikii mtu, nawe umeitia kwenye mabano ukaiita upuuzi. Mimi hapo ndipo nilipomwona. Mwanamke anafunga meza mchana, wateja wanapita, hela inapotea, yeye anakwenda kukaa na mafundi wenye mikono ya oili kusikiliza mpira. Mwaka 1988 Coastal Union walipochukua ubingwa wa ligi alikuwa na miaka thelathini na kitu. Siku hiyo alikuwa wapi? Alipiga kelele? Alimnunulia nani soda? Alikuwa anamshangilia mchezaji gani? Kati ya mafundi wale hapana shaka yupo aliye hai. Mtafute. Inawezekana alimjua mtu ambaye ninyi mliolala nyumba moja naye hamkumjua.

Na hilo la kutoolewa. Binamu alisema hakubahatika, nawe umeandika hakuolewa, ukapita haraka. Hakuna kati yenu anayesema kama alitaka. Huenda alikuwepo mtu. Huenda walikuja wenye barua za posa akawarudisha. Mwanamke aliyemshinda kaka yake hesabu anaweza kuwa alipiga hesabu zake hapo pia.

Kuhusu mjomba, naomba upole kidogo, si mwingi. Siku babu anahesabu fedha za ada, yeye alikuwa mtoto. Hakuchagua. Na babu naye, kibarua wa mkonge, alichagua kwa desturi ya wakati wake na kwa mfuko mtupu. Lakini mjomba alikua. Alikuja na gari, akala samaki, hakusema kitu. Kupelekwa shule ni jambo moja, kunyamaza miaka yote ni jingine, na naona katika barua yako yamekuwa kosa moja. Pia hujui walichosemezana wawili hao bila ninyi. Wewe uliona samaki ukaona unyonge. Huenda ulikuwa unyonge kweli. Huenda yalikuwa majivuno ya dada anayemwona kaka yake kafika mbali kwa ada iliyokuwa pia yake. Kicheko chake ulikisikia wewe, mimi sikukisikia, kwa hiyo sitakusomea maana yake.

Mama yako ndiye anayenishughulisha zaidi. Kasema marehemu hasemwi, nawe umechukulia kwamba anamlinda kaka yake. Jaribu kuzisoma kurasa zako kwa macho yake. Yeye ndiye aliyekuwa Dar es Salaam. Kila sifa ya aliyewalea, kwenye sikio la mama aliyewaacha, yaweza kusikika kama mashtaka, hata kama hukukusudia, hata kama alikwenda kutafuta riziki yenu. Sijui kama ndivyo. Ila mtu anayekurudishia karatasi bila kukutazama ana la kusema ambalo halihusu mtihani. Nenda kwake bila karatasi. Mwulize mdogo wake alikuwaje akiwa na miaka kumi, walicheza mchezo gani, nani alikuwa mkorofi. Ukianza na ada atafunga mlango.

Sasa Desemba. Ukisoma yote, kurasa sita na mtihani ndani yake, utakuwa umesema kweli mbele ya watu wanaopaswa kuisikia, na wasichana wa ukoo wenu watajua jambo kuhusu nyumba walikotoka. Usiidharau faida hiyo. Lakini itakuwa siku ya kubariki kaburi la mume wa mtu, na mtu huyo atakuwa ameketi mbele. Watakachokumbuka wengi ni ugomvi. Mama mdogo atageuka fimbo ya kumchapia kaka yake, yaani atatumika tena, safari hii akiwa hana hata nafasi ya kukataa. Na mdogo wako mwenye kipaza sauti, naye nimwambie kwa heshima, asisahau kwamba atakayebaki kutazamana na mama pale nyumbani, kipaza sauti kikishazimwa, ni wewe.

Ukisoma bila habari ya mtihani utalinda amani, ila najiuliza utarudi nyumbani ukiwa mzima au utakuwa umemeza kitu. Kuna waandishi wanaoweza kuliweka jambo zito kwa sentensi moja isiyonyoosha kidole: alifaulu mtihani wa darasa la nne pamoja na kaka yake, nyumbani kulikuwa na ada ya mtoto mmoja. Ukaendelea. Anayejua atajua. Hata hiyo, nisingependa mkazamjomba aisikie kwa mara ya kwanza makaburini. Kwenda kukaa naye kabla kuna hatari yake, anaweza kukukataza, na ukishakatazwa na mjane utasomaje? Anaweza pia kukwambia alikwisha kusikia zamani kwa mumewe mwenyewe. Wanaume wengine hukiri chumbani wasichoweza kukiri sebuleni.

Au uiache Desemba iwe ya mjomba, mama mdogo awe na siku yake, tarehe aliyofariki, kwa ibada ndogo ya wanaomtaka. Ubaya wake unauona: ukoo mzima kwa mkubwa, watu wachache kwa muuza machungwa, na wewe mwenyewe ndiye utakayekuwa umepanga tofauti hiyo. Au uandike, uchape nakala chache, uwagawie watoto wa nyumba yenu, usisome popote. Hilo ni kimya, na wengine wataliita woga. Lakini kilichosomwa makaburini husikilizwa na watu wenye njaa na jua la utosini, wakati karatasi iliyo kabatini husomwa na mtu aliyeitaka.

Msalaba ni jambo jingine, hauhitaji kikao. Saruji, mchanga na fundi mmoja havisubiri dole gumba la mtu.

Marumaru yasikuumize sana. Kusini mwa mji wa Tanga, Tongoni, kuna makaburi ya kale yapata 40, mengine yenye nguzo ndefu zilizopambwa kwa mabakuli ya kutoka ng'ambo. Nguzo nyingi zimeanguka, mabakuli yamebaki mashimo yake tu, na matajiri waliolala hapo hatuwajui. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyaona hayohayo kisiwani Pate, na katika utenzi wake Al-Inkishafi akauonyesha moyo wake popo wanaoning'inia kwenye majumba ya waliojiona hawafi. Umewafundisha wanafunzi mambo kama hayo, najua. Ila sitayatumia kukunyamazisha. Kusema kwamba sote tutasahaulika ni kweli, lakini ni faraja inayowafaa zaidi wale ambao majina yao yameshachongwa. Wewe una haki ya kutaka mwaka wa mama yako mdogo usomeke.

Nimebakiza lile la usiku, na sitakwambia kwamba wanafunzi wako ndio watoto wako. Umeambiwa hivyo vya kutosha, na ni mizani ileile tena. Nakuuliza tu: hofu hiyo ni ya baada ya kufa au ni ya sasa? Kuna tofauti kati ya kuogopa kwamba hutasomewa na kuogopa kwamba hata leo hakuna anayekusoma. Ukipata homa Jumamosi, nani atajua kabla ya Jumatatu shuleni? Chakula cha jioni unakula na nani? Ikiwa ni hofu ya sasa, historia ya marehemu yeyote haiwezi kuitibu, na ingekuwa vyema isipewe mzigo huo. Ikiwa ni ya baada ya kufa, basi una ushahidi ambao wengi hawana. Uliishi miaka mingi karibu kabisa na mwanamke asiye na mume wala mtoto wa kumzaa. Ulipokuwa na miaka kumi, umekaa chini ya ile meza unasubiri ganda lidondoke, ulimwona amepungukiwa? Usinijibu kama mwalimu wa fasihi. Mwulize yule mtoto.

Muda upo. Lolote utakaloamua, liweke wazi kwa mama kabla ya wengine, na kama ni kusoma, mwone kasisi mapema. Wakuu wa ukoo wakishachapa ratiba ya ibada, dakika za kuongeza huwa hazipatikani, hata kwa mistari minne.